Wembe Kwenye Kisigino cha Mama

Kila nikishika wembe, mwanangu, hata kama ni wa kukatia uzi tu, narudi kwenye siku moja ya kiangazi nyumbani kwetu Kitahana. Nina miaka kumi na tisa, nimeshika mguu wa mama yangu mapajani, namwambia avumilie kidogo. Mambo mengi ya ujana wangu nimeyasahau, na mengine nimeyasahau kwa makusudi. Hili limekataa kusahaulika. Nimeliandika mara tatu na kulichana, kwa sababu kila mara nikilisoma nilijiona nimejipendelea mahali. Safari hii nitaliacha kama lilivyo.

Nilikuwa binti wa kutaka kila kitu kinyooke. Miaka ile ya sabini tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, na wazee wetu walikuwa bado wananung'unikia migomba waliyoiacha kule tulikotoka. Mimi nilifurahi kimoyomoyo. Asubuhi nilisimama mlangoni nikaiangalia ile mistari ya nyumba na kuona raha, isipokuwa nyumba ya jirani yetu mmoja iliyojitokeza mbele kama hatua mbili. Hiyo ilinikera mpaka nikawa napita njia ya nyuma nisiione. Ndivyo nilivyokuwa. Sufuria niliisugua mara mbili. Kanga nikiikunja na pindo likapishana, niliikunjua nikaanza upya. Watu walinisifu kwa usafi, wasijue kwamba chini ya usafi ule kulikuwa na hofu tupu ya kuonekana na dosari. Hata kuuliza jambo nisilolijua niliona aibu. Kwa hiyo karibu kila nilichokijua nilijifunza mwenyewe, kwa kuchungulia.

Kutunza miguu nilikuchungulia kwa Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa mke wa mwenye duka mmoja pale Kibondo mjini, Mwislamu, mzaliwa wa pwani, na mama alikuwa akinituma kumpelekea ndizi na maharage. Bi Mwanaidi alikuwa na miguu ambayo sikuwahi kuiona kwetu. Visigino vyake vilikuwa laini na vyeupe kama ndani ya ganda la ndizi, kucha fupi zimelingana, na siku za sherehe alizipaka hina. Mara mbili tatu nilimkuta kwenye kibaraza cha uani, miguu ndani ya karai la maji, kando yake kipande cha sabuni, kitambaa, gunzi la mahindi na wembe. Niliweka mzigo chini, nikaangalia kwa jicho la pembeni, nikaaga. Sikuuliza hata neno moja. Wembe ule ulikuwa wa nini? Nilijijibu mwenyewe njiani, nikaliamini jibu langu.

Sasa nikueleze kwa nini visigino vilinisumbua kiasi hicho. Kwetu Buha mwanamke akimwamkia mkubwa au mgeni wa heshima hupiga magoti, anapiga makofi taratibu, na salamu zenyewe hazina haraka. Mwakeye, ndiyo salamu yetu, na habari za nyumbani, na za watoto, na za mifugo, na mvua, na unarudi tena mwanzo. Muda wote huo upo chini, vidole vya miguu vimekunjwa, nyayo zako zimeangalia nyuma. Unayemsalimia haoni kitu. Anayeona ni aliyekaa nyuma yako. Na kwenye chumba cha wageni, wageni hukaa kuzunguka kuta zote, ukimpigia magoti mmoja umempa nyayo mwingine. Jambo hili hakuna aliyewahi kulisemea nyumbani. Mimi nilikuwa nimelifikiria tangu nikiwa na miaka kumi na mbili.

Mwaka ule nilichumbiwa na Gaspari, mwalimu wa shule ya msingi, kwao Kasulu. Baba yangu alikuwa amefariki, nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi, na baba yangu mdogo alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Gaspari alipotuletea habari kwamba watu wake watakuja kujitambulisha Jumamosi moja, baada ya wiki mbili, alinitania kwamba nijiandae, maana atakuwemo shangazi yake Felista aliyemlea, mama wa biashara ya vitenge, anayezifahamu njia zote za Manyovu, kule mpakani. "Shangazi macho yake hayapitwi na kitu," alisema, akacheka. Yeye alicheka. Mimi sikulala vizuri kuanzia siku ile.

Miguu yangu haikunipa shida. Nilikuwa kijana. Kwa wiki mbili niliilowanisha kila jioni kabla jua halijazama, nikaisugua kwa gunzi, nikaipaka mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kidogo, na ikang'aa. Nilikuwa nikijipigia magoti peke yangu chumbani, nageuza shingo nyuma kujiangalia kama kuku anayejichokonoa mabawa. Nilipotosheka na yangu ndipo nilipoiona ya mama.

Mama alikuwa akilima bondeni. Kiangazi, wakati mashamba ya juu yamekauka, maharage na mboga hulimwa kule chini kwenye udongo mweusi wenye maji, na mtu hushinda humo miguu pekupeku. Akitoka bondeni anapanda kilima kwenye vumbi na upepo wa baridi. Miaka ishirini ya kutoka kwenye tope kuingia kwenye vumbi ilikuwa imempasua visigino. Alikuwa na magaga, mwanangu, mipasuko unayoweza kuingiza punje ya mtama, na ndani ya mipasuko hiyo weusi wa bondeni usiotoka kwa sabuni. Kucha mbili za mguu wa kushoto zilikuwa zimeharibiwa na funza utotoni. Miguu hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka darasa la saba. Siku ile mimi niliona jambo moja tu, kwamba mama atapiga magoti mbele ya wazee wa Kasulu, na Shangazi Felista atakuwa amekaa nyuma yake.

Alhamisi mchana nilimwomba aketi uani nimtengeneze miguu. Alishangaa, kisha akafurahi. Aliketi kwenye kigoda, akavuta kitenge mpaka magotini, akaingiza miguu kwenye karai na kufumba macho. Alisema hajawahi kuoshwa miguu na mtu tangu alipomuuguza bibi yangu, na safari ile ni yeye aliyekuwa anaosha. Nilimjibu haraka haraka. Nilikuwa nahesabu siku: leo Alhamisi, kesho Ijumaa.

Nilisugua kwa gunzi mpaka gunzi likaisha. Ngozi ya juu ilitoka, chini yake kukawa na nyingine ngumu vile vile. Magaga yalikuwa pale pale, sasa yanaonekana vizuri zaidi. Nilibadilisha maji, nikasugua tena, na nilihisi machozi ya hasira yananijia kama mtu anayedharauliwa. Ndipo nilipokumbuka wembe wa Bi Mwanaidi.

Nilileta wembe wetu wa kukatia uzi, nikaanza pembeni, nikatoa kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Kilitoka bila maumivu na mahali pake pakabaki laini. Ilinipa furaha ambayo naionea aibu mpaka leo. Nikatoa kingine, na kingine, nikazungusha kisigino chote kama mtu anayemenya embe.

Mama alivuta mguu. "Adelina, hapo pameuma."

"Vumilia mama, bado kidogo."

"Inatosha sasa. Ni miguu tu."

"Bado kidogo."

Neno hilo ndilo lililokuwa ugonjwa wangu. Mguu wa kulia uliishia vizuri. Wa kushoto ulikuwa na gaga moja kubwa katikati, nami nilitaka kulisawazisha kingo zake zilingane. Niliingiza wembe, mama akashtuka, na damu ikatoka nyekundu ndani ya ule weusi. Haikuwa nyingi. Niliibana kwa kitambaa, ikakauka, nikapaka mawese. Mama aliiangalia miguu yake kwa muda, akasema imekuwa ya mtu mwingine. Nililichukua kama sifa.

Ijumaa alishuka bondeni kuchuma mboga za wageni. Nilimwona akichechemea akirudi. Sikumuuliza, kwa sababu nilijua.

Wageni walifika Jumamosi kabla ya saa sita. Gaspari hakuwemo, kama ilivyo desturi. Walikuwa wazee watatu na Shangazi Felista, mwanamke mrefu, kitenge kipya, kilemba, na viatu vyeusi vya kufunika, vya ngozi. Walipofika mlangoni kwenye mkeka mpya tulioutandika, wazee walivua viatu. Yeye alisita kidogo, akaingia navyo, akaketi karibu na mlango na kuificha miguu chini ya kitenge. Nilidhani ndivyo wanavyofanya watu wa mjini. Nilimwona mrembo na nilimwogopa zaidi.

Mama aliingia kuwaamkia wazee. Alipiga magoti, vidole akavikunja, na nilivyokuwa nimesimama na sinia la vikombe niliona visigino vyake kwa mara ya kwanza vikiwa kama nilivyovitaka. Laini. Vimelingana. Nilishusha pumzi. Salamu zikaendelea, za nyumbani, za watoto, za mifugo. Na kadiri alivyokaa vile, ngozi ya kisigino cha kushoto ikivutika, ule mpasuko nilioukata ulifunguka polepole kama mdomo. Damu ilishuka kwenye mkeka tone kwa tone. Mama hakujigeuza. Aliendelea kupiga makofi na kujibu salamu mpaka ya mwisho, sauti yake ile ile.

Alipoinuka, pale alipokuwa pamebaki doa lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto.

"Dada, unatoka damu," alisema Shangazi Felista.

Mama aliangalia chini. Kisha akaniangalia mimi, mara moja tu, na akaondoa macho. "Ni jembe," alisema. "Nilijikata bondeni."

Mzee mmoja wa Kasulu, mcheshi, aliyekuwa ameshapewa kinywaji, alipiga paja. "Mkwe wetu, hilo jembe gani linalolima kwa nyuma? Sisi kwetu tunalima tunakokwenda."

Chumba kizima kilicheka. Baba mdogo alicheka. Mama mwenyewe alitabasamu, akashika kitenge chake na kukanyaga kwa vidole kuelekea jikoni. Na mimi, mwanangu, nilicheka. Nasema nilicheka kwa sauti, ili nionekane nipo pamoja na wenzangu. Kama ningenyamaza ingekuwa dhambi ndogo. Nilimcheka mama yangu kwa jeraha nililomtia mimi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Shangazi Felista alikuwa ananiangalia miguu, yangu mimi, iliyong'aa kwa mawese juu ya ule mkeka.

"Na wewe binti, miguu yako nani amekutengenezea?"

"Mimi mwenyewe, shangazi."

"Hongera," alisema.

Mambo ya posa yalikwenda vizuri, na walipoondoka walisema watarudi baada ya mavuno ya bondeni. Lakini Jumatatu mama hakuweza kuukanyagia ule mguu. Jumatano kisigino kilikuwa kimevimba na joto lake unalisikia kabla hujakigusa. Baba mdogo alimpakia kwenye baiskeli akamsukuma mpaka zahanati ya Kibondo, mimi nyuma nikishikilia mguu usipigwe na spoki. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mmoja wa Bukoba, mpole ila mwenye maneno machache. Alisafisha, akachoma sindano, akauliza kilichotokea. Mama alisema jembe. Muuguzi alisema uchafu umeingia ndani, na kama usaha ukishika mfupa mguu huu hautalima tena, na huenda usikanyage tena. Alisema aletwe kila siku ya pili. Alisema hayo akiniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Wakati mama amelala kwenye benchi akisubiri dawa, nilikimbia kwa Bi Mwanaidi. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Nadhani nilitaka aniambie kwamba naye hutumia wembe, kwamba nilikosea mkono tu. Nilimweleza kila kitu. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, na alikuwa mgeni, ndiyo maana niliweza.

Aliweka chini ungo wake. "Wewe wee. Nani kakufunza kuchonga kisigino kama mwiko?"

"Niliona wembe kwako, Bi."

"Wembe wa kucha, mwanangu. Kucha. Kisigino kinasuguliwa, tena leo kidogo, kesho kidogo, mwezi mzima. Miguu hii unayoiona nina miaka kumi na mitano naisugua kila Alhamisi. Ulikuwa unapita hapa kila wiki unanitolea macho. Si ungeuliza?"

Ningeuliza, mwanangu, nisingekuwa na hadithi hii.

Wiki zilizofuata mama alitembea kwa magoti ndani ya nyumba. Kutoka kitandani mpaka mafigani, kutoka mafigani mpaka mlangoni, kwa magoti, na hapakuwa na mgeni wa kumwamkia. Maharage ya bondeni niliyavuna mimi. Nilikuwa nikishuka alfajiri kwenye lile tope, na nilipopanda kilima visigino vyangu vilianza kupasuka, nikavitazama bila kuvihurumia. Kisimani utani wa yule mzee ulikuwa umeshafika. Wanawake walimwita mama "Jembe la Nyuma", kwa mapenzi tu, kama watu wanavyotaniana, na walinitumia salamu nimpelekee Jembe la Nyuma. Nilibeba ndoo na salamu. Mama aliposikia alicheka kidogo. Nilimwambia siku moja kwamba nitawaambia ukweli. Alisema, "Wa nini sasa? Watakuona vibaya kabla hujaolewa." Nikashukuru moyoni. Nakuambia nilishukuru, ili ujue binti wa namna gani alikuwa anamfunga mama yake vitambaa.

Mguu ulipona. Ulichukua wiki saba. Kwanza muuguzi aliacha kukunja uso, kisha akasema tuje mara moja kwa wiki, kisha siku moja mama alisimama mlangoni ameshikilia fremu, akaweka kisigino chini, akapumua. Jeraha lilipofunga kabisa ndipo nilipoanza kumwosha miguu tena, kama nilivyoelekezwa na Bi Mwanaidi na muuguzi. Maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo. Miguu inakaa humo muda wa mtu kuchambua sahani ya maharage, mama mwenyewe akiyachambua. Gunzi, polepole, kwa kuzungusha, na naacha wakati bado naona kuna la kufanya. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Mikono ilikuwa inataka kuendelea na nilikuwa naikalia.

Siku moja ya namna hiyo, mchana, Shangazi Felista alitokea uani peke yake. Alikuwa ametoka kwenye biashara zake, akasema amepita kumjulia hali mgonjwa. Viatu vyeusi vile vile. Mama alitaka kushuka kupiga magoti, shangazi akamshika bega, akamrudisha kwenye kigoda.

"Na jembe linaendeleaje?" aliuliza.

Mama alianza kujibu. Nikasikia sauti yangu imetangulia. "Halikuwa jembe, shangazi. Ni mimi. Nilimkata kwa wembe."

"Adelina," mama alisema kwa sauti ya kunizuia.

Sikunyamaza. Nilieleza mpaka mwisho, pamoja na kucheka. Nilipomaliza nilikuwa bado nimeshika mguu wa mama, maji yananitiririka viwiko. Nilijua posa imevunjika. Nilikuwa nangoja tu niambiwe.

Shangazi Felista alivuta kigoda kingine akaketi. Akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua kimoja kimoja kwa taabu, na soksi. Visigino vyake, mwanangu, vilikuwa vibaya kuliko vya mama. Vilikuwa vimepasuka mpaka pembeni, na kwenye kidole gumba cha kulia ukucha ulikuwa umezama nyamani, pamevimba.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Jembe halikati duara. Nilikuwa nangoja nione utachukua siku ngapi kusema." Akaingiza miguu yake kwenye karai, kando ya ya mama, bila kuomba ruhusa. "Nimetembea njia za Manyovu miaka kumi na nane na mzigo kichwani. Siku ile nilikaa na viatu kwenye mkeka wa mama yako kama mtu asiye na adabu. Unajua kwa nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Nilikuogopa wewe. Nimeingia mlangoni nikaona miguu yako, nikasema huyu binti akiona yangu atanidharau. Watu wazima wawili humu ndani tunamwogopa mtoto wa juzi. Mmoja anajificha kwenye viatu, mwingine anakubali kuchinjwa."

"Mimi sikumwogopa," mama alisema. Alisema taratibu, macho yake yapo kwenye ungo wa maharage. "Nilitaka tu afurahi."

Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyepaza sauti. Lakini sijawahi kuadhibiwa kama nilivyoadhibiwa na maneno hayo matatu ya mwisho.

Shangazi alininyooshea mguu. "Haya. Nionyeshe ulichojifunza. Na ukisema bado kidogo, navaa viatu vyangu naondoka na mwanangu Gaspari."

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Niliosha miguu yao yote minne mchana ule. Ule ukucha uliozama sikuugusa pembeni. Niliukata juu, mnyoofu, nikamwambia shangazi aende kwa yule muuguzi wetu wa zahanati. Alipoondoka alipitia kisimani, na sijui aliwaambia nini wale wanawake, ila kuanzia kesho yake jina la Jembe la Nyuma lilihamia kwangu. Nililibeba mpaka nilipoolewa. Lilinistahili.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, alilima, alinitembelea Kasulu kwa miguu yake. Alipofariki nikaenda kumwosha pamoja na wanawake wa kijiji, niliwaomba waniachie miguu. Kwenye kisigino cha kushoto kovu lilikuwepo, lenye umbo la nusu duara, laini kuliko ngozi yote iliyolizunguka. Lilikuwa laini hasa, kama nilivyotaka siku ile. Nililiosha mwisho.

Basi sikia, mwanangu. Nakuona Jumamosi na karai lako, na vile vifaa ulivyonunua, na nafurahi, maana mwili wako unastahili kutunzwa. Lowanisha miguu kwenye maji ya uvuguvugu, na uyapime kwa kiwiko kabla. Sugua kisigino, usikikate, hata kama umeona mtu anakata, maana ngozi ile ngumu inakukinga, na ukiinyang'anya kwa nguvu mwili utaleta nyingine ngumu zaidi. Kucha zikate mnyoofu baada ya kulainika, uache weupe kidogo, pembe usizichimbe. Kausha katikati ya vidole mpaka pakauke kweli. Paka mafuta, vaa soksi, lala. Ukiona jeraha au uvimbe weka vyote chini, uende hospitali. Na uache ukiwa bado unaona kuna la kufanya. Litakusubiri mpaka wiki ijayo.

Usilolijua uliza. Aibu ya kuuliza niliikwepa dakika moja mlangoni kwa Bi Mwanaidi, na nimelipa kwa aibu ya maisha. Na kama kuna miguu mingine nyumbani kwenu, iliyochakaa, usiiandae kwa ajili ya macho ya wageni. Ioshe kwa ajili ya mwenyewe. Akisema pameuma, hapo ndipo mwisho wa kazi.

Nakuombea miguu yenye afya ikufikishe unakokwenda na ikurudishe. Na siku utakaposhindwa kuinama, Mungu akupe mtu wa kukuosha, na mikono ya mtu huyo isiwe na haraka.